Kupozana: Mjane, Sikio na Utata wa "Ushauri Nasaha" katika Maandishi ya Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maandishi ya wanawake wa Rwanda yanavyomsawiri mtu aliyebadilikiwa na maisha ghafla, na namna anavyopata wa kumshika mkono. Matini makuu ni SurVivantes (2004) ya Esther Mujawayo na La femme aux pieds nus (2008) ya Scholastique Mukasonga, yanayosomwa sambamba na utendi wa Mwana Kupona (1858) na Maisha Yangu ya Shaaban Robert. Inajengwa hoja kwamba katika matini yote manne aliyepatwa na msiba ndiye msemaji, na anayemsaidia huanza kwa kuwa msikilizaji. Istilahi tuliyoizoea, "ushauri nasaha", imegeuza mpangilio huo: inampa msaidizi ulimi na kumwachia mwenye msiba sikio. Makala yanaonyesha pia mipaka ya kusikiliza kusikoandamana na dawa, ardhi na sheria, kisha yanatoa mapendekezo kwa watunzi wa istilahi na washauri wa sera.

1. Utangulizi

Katika hospitali, shule na ofisi nyingi za Afrika Mashariki, mtu aliyefiwa, aliyeachika, aliyepatikana na maradhi mazito au aliyehama kwao kwa kulazimishwa huelekezwa kwenye mlango wenye kibao kisemacho "Ushauri Nasaha". Maneno hayo mawili, yote yenye asili ya Kiarabu, yanakaribiana kimaana kiasi kwamba mtu anaweza kuuliza ni kwa nini yaliwekwa pamoja. Anayeshauri ana jambo la kusema. Anayenasihi naye ana jambo la kusema. Kabla mgeni hajavuka kizingiti, kibao kimekwisha kumwambia kwamba ndani kuna mtu anayejua, na kwamba yeye amekuja kuambiwa.

Swali la makala haya ni la kifasihi kabla ya kuwa la kisera: je, watu waliopitia mabadiliko makubwa kabisa ya maisha wanapoandika jinsi walivyopata msaada, huandika kwamba walipata ushauri? Rwanda ni mahali pafaapo kuulizia swali hili kwa sababu mbili. Kwanza, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, nchi hii imezaa maandishi mengi ya ushuhuda na riwaya ambayo kiini chake ni maisha baada ya msiba. Pili, tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lugha inayopewa hadhi hiyo inapewa pia wajibu wa kuweza kuzungumza na mjane wa Nyamirambo au wa Bugesera juu ya hali yake bila kumdhalilisha.

Matini ya Rwanda yanayohakikiwa hapa yaliandikwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo tumeyasoma tukiweka sikio kwenye lugha tatu: Kifaransa cha maandishi, Kinyarwanda kilicho chini yake, na Kiswahili tunachokitumia kuyajadili.

2. Kilio kisicho na matanga

Jamii za Waswahili zina utaratibu wa kumpokea mfiwa. Watu huenda kukaa matanga: hutandika majamvi, huteka maji, hupika, hulala hapo hapo, na siku zikitimia tanga huanuliwa. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Rwanda nayo ina ikiriyo, mkesha wa maombolezo ambamo jirani na jamaa huja kukaa na wafiwa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili kulitambua neno hilo. Kurira ya Kinyarwanda ni kulia ya Kiswahili, na ikiriyo ni ndugu wa kilio.

Utaratibu huu wote hutegemea sharti moja lisilotajwa: kwamba wapo watu wa kuja. Mwaka 1994, kati ya Aprili na Julai, sharti hilo lilivunjwa. Kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, waliouawa walizidi milioni moja. Mjane aliyenusurika hakuwa na maiti ya kuzika. Jamaa ambao wangemlilia pamoja naye walikuwa wameuawa. Majirani waliobaki, wengine walikuwa wameshiriki kuua na wengine wamekimbia. Kumbukumbu ya Gisozi jijini Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2004, imehifadhi mabaki ya watu zaidi ya 250,000. Wengi waliozikwa hapo walifika kaburini miaka mingi baada ya kufa, na wengi hawakuwahi kutambuliwa kwa majina.

Ni kosa basi kusoma maandishi ya wanawake hawa kama habari za majonzi peke yake. Kilichowapata ni kufiwa na kufiwa na matanga kwa wakati mmoja: aliondoka mtu, ukaondoka pia utaratibu wa kumwombolezea. Kinyarwanda kilipata neno la hali iliyofuata, ihahamuka, ambalo wasemaji hulihusisha na ibihaha, yaani mapafu: mtu aliyeishiwa pumzi kwa hofu. Neno hilo ni la mwili. Halimwelezi mgonjwa kama mtu aliyekosa maarifa au mwelekeo, bali kama mtu aliyekosa hewa. Kiswahili nacho kinajua hivyo kinaposema mwenye kovu usidhani kapoa.

3. SurVivantes: kitabu kilichoundwa na sikio

Esther Mujawayo ni mwanasosholojia aliyenusurika pamoja na binti zake watatu. Mumewe, wazazi wake na ndugu zake wengi waliuawa. Januari 1995 alikuwa miongoni mwa wajane walioanzisha AVEGA Agahozo, Chama cha Wajane wa Mauaji ya Kimbari ya Aprili. Baadaye alisomea tiba ya nafsi, akahamia Ujerumani na kufanya kazi na wakimbizi. SurVivantes ilitoka miaka kumi baada ya mauaji, na mnamo 2006 ikafuatwa na La fleur de Stéphanie, kitabu kinachosimulia jitihada zake za kuyapata mabaki ya dada yake.

Fani ya SurVivantes inastahili kuangaliwa kabla ya maudhui yake. Kitabu kimeandikwa na watu wawili: Mujawayo, na mwandishi wa habari Souâd Belhaddad aliyemsikiliza. Mwishoni kimeambatishwa mazungumzo kati ya Mujawayo na Simone Veil, mwanasiasa wa Ufaransa aliyepelekwa Auschwitz mwaka 1944 akiwa msichana. Tangu kurasa za kwanza hadi za mwisho, basi, msimulizi hayuko peke yake. Mwanzoni yuko na mtu asiyepitia aliyoyapitia lakini aliyekubali kuketi na kusikia, na mwishoni yuko na mtu aliyepitia jambo la jinsi hiyo mahali pengine. Muundo wa kitabu ni muundo wa msaada wenyewe. Mhakiki anayekichukua kama chemchemi ya taarifa za kihistoria anaipita sehemu muhimu ya maana yake.

Kinachojirudia katika masimulizi ya Mujawayo ni kwamba manusura anasumbua. Watu humpenda akinyamaza. Akianza kueleza, wasikilizaji hutafuta namna ya kubadili mazungumzo: humwambia amshukuru Mungu kwa kuwa yu hai, atazame mbele, awalee watoto. Hakuna hata moja kati ya kauli hizo lililo baya. Zote ni nasaha. Lakini katika mazingira yale kila nasaha ilikuwa mlango uliofungwa kwa adabu. Veil naye, katika mazungumzo ya mwisho, anaijua hali hiyo: waliorudi kutoka kambini mwaka 1945 hawakupata wengi waliotaka kuwasikia. Wanawake wawili, wa mabara mawili na vizazi viwili, wanakutana kwenye malalamiko mamoja, na malalamiko hayo hayahusu uhaba wa ushauri.

Hapa ndipo AVEGA inapoingia katika kitabu, na inaingia kama kikao kabla ya kuwa shirika. Wajane walikutana kwa sababu walihitaji mahali ambapo mtu angeweza kusema yote, hadi chembe ya mwisho, bila kukatizwa. Kila aliyekuwapo alikuwa na habari yake ya kusema, kwa hiyo hakuna aliyekuwa juu ya mwenzake. Waliirudisha ikiriyo kwa njia nyingine. Watu wa kuja kulia nao hawakuwapo, basi wakaja wao kwa wao.

Jina la chama linabeba hoja nzima. Agahozo linatokana na guhoza, kutuliza, kubembeleza, kumfuta mtu machozi. Nyimbo za kubembelezea watoto huitwa ibihozo. Sauti ya h ya Kinyarwanda mara nyingi hukaa mahali pa p ya Kiswahili, na guhoza ni ndugu wa kupoza. Mnyarwanda anayemwambia mwenziwe mpore yuko karibu sana na Mswahili anayesema pole. Nyuma ya maneno haya yote kuna wazo moja la Kibantu, la kitu chenye moto kinachorudia ubaridi: kupoa, kupoza, pole, polepole. Anayepoza hafundishi. Hukaa karibu na kitu kinachochoma mpaka kipoe, na kupoa kuna mwendo wake.

4. Ua wa Stefania

Yapo maoni kwamba vikundi vya kusikilizana ni zao la mashirika ya kigeni yaliyomiminika Kigali baada ya 1994. Scholastique Mukasonga anatupa sababu ya kuyatilia shaka. La femme aux pieds nus ni picha ya mama yake, Stefania, katika kijiji cha Gitagata, Nyamata, eneo la Bugesera ambako familia nyingi za Watutsi zilihamishiwa kwa nguvu mwaka 1960. Mukasonga mwenyewe alikimbilia Burundi mwaka 1973. Mwaka 1994 alikuwa Ufaransa. Watu 37 wa familia yake waliuawa, na mama yake akiwamo.

Kitabu kinaanza na agizo. Stefania aliwataka binti zake waufunike mwili wake atakapokufa, kwa kuwa maiti ya mama haipaswi kuonekana. Siku ilipofika binti hakuwapo na mwili haukupatikana, hivyo kurasa zinakuwa sanda. Agizo hilo ni la mila, lakini jinsi linavyotimizwa ni tukio la kifasihi: mwandishi anamfunika mama yake kwa kumsimulia akiwa hai, akifanya kazi, akicheka, akipanga ndoa za vijana wa kijiji.

Sura mbili zinahusu mada yetu moja kwa moja. Katika ya kwanza, Stefania anakataa kuizoea nyumba ya mraba yenye bati waliyopewa wahamishwa. Anajenga nyuma yake inzu, nyumba ya msonge iliyosukwa kwa nyasi, na humo ndimo anamorudia kuwa mwanamke mwenye heshima yake. Mshauri wa kawaida angemwambia akubali hali mpya. Stefania haikatai hali mpya. Anajua yuko uhamishoni, na kila siku anachunguza njia na maficho ya kuwaokolea watoto. Lakini anachagua kitu kimoja cha maisha ya zamani ambacho bila hicho hawezi kuyabeba maisha mapya, akakijenga kwa mikono yake. Hilo ni somo la kina juu ya mabadiliko kuliko methali nyingi za kustahimili.

Katika sura ya pili, ua wa Stefania unakuwa kile ambacho mwandishi anakiita bunge la wanawake. Wanawake wa kijiji hukutana hapo kujadili posa, magonjwa, watoto na habari za hatari. Kejeli ya jina hilo ni nyepesi lakini ina uzito ndani yake: wakati wahamishwa hawana sauti katika bunge lolote la nchi, wanawake wana la kwao, nyuma ya nyumba. Bunge hili halina mtaalamu wala mgonjwa. Mwenye tatizo leo ndiye mwenye neno la faraja kesho. Msomaji aliyetoka kusoma SurVivantes anautambua ua huu mara moja. Kikao cha wajane cha 1995 kilikuwa na mama zake.

5. Nani humpa nani nasaha? Mwana Kupona na Shaaban Robert

Mpaka hapa inaweza kuonekana kwamba fasihi ya Rwanda iko upande wa sikio na fasihi ya Kiswahili upande wa nasaha. Dhana hiyo ina mvuto, kwa sababu utanzu wa wasia umeota mizizi katika ushairi wetu. Lakini tukiyasoma upya matini mawili mashuhuri ya utanzu huo, tunaona kwamba mvuto huo unapotosha.

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na alikuwa mgonjwa, hakupona. Uhakiki mwingi umejadili kile anachomwambia binti yake kuhusu dini, adabu na ndoa, na mjadala juu ya utii wa mke ungali moto. Hatuna nia ya kuurudia. Tunachotaka kukitazama ni mkao wa watu wawili walio katika beti za mwanzo. Mama anamwita binti aje karibu na wino na karatasi. Anayesema ni mgonjwa na mjane. Aliye mzima ndiye aliyeketi, ameshika kalamu, anasikiliza na kuandika. Nasaha inatoka kitandani kwenda kwa mtu anayeuguza. Kisha mtunzi anataka wanawake wengine nao waisome, kana kwamba anaufungua ua wake.

Shaaban Robert katika Maisha Yangu anasimulia jinsi alivyofiwa na mkewe, Amina, akabaki na watoto wa kulea. Ndani ya kitabu hicho zimo tenzi mbili za wasia, Adili kwa mwana wa kiume na Hati kwa binti. Tenzi hizo zimezoeleka kusomwa zikiwa zimetengwa na simulizi inayozizunguka, shuleni hasa, na hivyo kuonekana kama mafundisho ya mtu mkamilifu. Zikirudishwa kwenye kitabu zinakuwa kitu kingine: maneno ya mjane mwanamume anayeyapanga maisha upya kwa kuwaambia watoto wake anachokijua. Kusema kunamsaidia yeye kabla ya kuwasaidia wao.

Kwa hiyo mapokeo yetu hayakumweka mwenye msiba kwenye kiti cha kuambiwa. Yalimpa neno. Mwana Kupona ana binti yake mwenye wino, Mujawayo ana Belhaddad mwenye daftari, na umbali wa miaka 146 kati yao haubadilishi mkao. Kilichobadilika ni matumizi ya neno. Nasaha, iliyokuwa haki ya aliyeumia kuzungumza kutoka ndani ya maumivu yake, imehamishiwa ofisini na kuwa mali ya asiyeumia. Waswahili wana methali iliyopaswa kutuzuia: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

6. Mipaka ya sikio

Hoja hii ikiachwa hapa itakuwa tamu kupita ukweli. Zipo sababu tatu za kuiwekea mipaka, na zote zimo katika matini yenyewe.

Ya kwanza ni tumbo na dawa. Mujawayo haandiki kama mtu anayeamini kwamba maneno yanatosha. Miongoni mwa kurasa zake kali zaidi ni zile zinazohusu wanawake waliobakwa na kuambukizwa virusi vya UKIMWI, waliokuwa wakifa kwa kukosa dawa za kufubaza virusi wakati washtakiwa waliokuwa wakishikiliwa Arusha na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda walipata matibabu. Mwanamke anayesikilizwa vizuri kila Jumanne na kuzikwa mwaka unaofuata hajasaidiwa. AVEGA iliijua hesabu hiyo, ndiyo maana kikao cha kusemezana kilizaa huduma za afya, makazi na utetezi wa kisheria. Sheria ya tarehe 12 Novemba 1999 kuhusu mali ya wanandoa na urithi, iliyowapa watoto wa kike haki ya kurithi sawa na wa kiume na kuuimarisha ulinzi wa mjane, ilitanguliwa na utetezi wa vyama vya wanawake. Hata sheria hiyo iliwaacha pembeni wanawake ambao ndoa zao hazikuandikishwa serikalini. Mjane wa namna hiyo alisikilizwa na wenzake, lakini si na sheria.

Ya pili ni nafasi ya msemaji. Mujawayo ni msomi, anajua Kifaransa, aliweza kusoma na kufanya kazi ng'ambo. Wajane wengi anaowasimulia hawakuwa na nyenzo hizo, na sauti zao zinatufikia kupitia yake. Yeye mwenyewe halifichi jambo hilo, na anatumia wingi, "sisi", kwa uangalifu. Bado mhakiki ana wajibu wa kuuliza ni nani katika "sisi" hiyo hakupata mtu wa kumwandikia. Suala la lugha haliepukiki: ushuhuda uliotolewa kwa Kinyarwanda katika ua wa Kigali umechapwa kwa Kifaransa nchini Ufaransa, na binti wa shahidi anaweza kuhitaji shule ya miaka mingi ili kusoma maneno ya mama yake.

Ya tatu ni wale wasiosema. Methali ya Kinyarwanda husema amarira y'umugabo atemba ajya mu nda, machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Katika riwaya ya Gaël Faye, Jacaranda (2024), anayenyamaza ni mama: kijana Milan anakulia Ufaransa na mzazi Mnyarwanda asiyetamka lolote kuhusu nchi yake, na inambidi asafiri mpaka Kigali kutafuta kile ambacho nyumbani hakikusemwa. Faye hamhukumu mama huyo. Anaonyesha kwamba ukimya nao ulikuwa njia ya kuishi, ingawa gharama yake ililipwa na mtoto. Msaada unaomlazimisha mtu kusema ni jamaa wa msaada unaomlazimisha kusikiliza. Shaaban Robert aliyapata maneno kwa kuwa alikuwa mshairi. Wajane wanaume wengi hawana tenzi, wala hawana chama.

7. Istilahi kama sera

Yapo majaribio ya Rwanda yanayoonyesha kwamba mkao tulioujadili unaweza kuwa utaratibu wa kijamii. Mwaka 1996 wanafunzi 12 wa Chuo Kikuu cha Taifa mjini Butare walianzisha AERG, chama cha wanafunzi manusura. Wanachama walijipanga katika familia. Kila familia ilimchagua baba na mama kutoka miongoni mwa wanafunzi wenyewe, na vijana wa rika moja wakaulizana ada, alama, ugonjwa na posa. Mwaka 2005 huko Byumba, kaskazini mwa nchi, ulianza mpango wa tiba ya kijamii unaojulikana kwa jina la Mvura Nkuvure. Maana yake ni nitibu nikutibu. Watu kati ya kumi na kumi na watano hukutana kila wiki kwa wiki 15, wakianza na usalama na kuaminiana kabla ya kufikia kumbukumbu. Tofauti na AVEGA, vikundi hivyo huweza kuwakutanisha watu ambao historia iliwaweka pande tofauti. Hilo huongeza ugumu wake na pia thamani yake.

Jina Mvura Nkuvure linafanya kwa sentensi nzima kile ambacho Kiswahili hukifanya kwa silabi mbili. Tuna kiambishi -an-, kiambishi cha kutendana. Kushauri kuna juu na chini, kushauriana hakuna. Kufariji kuna mtoaji na mpokeaji; katika kufarijiana kila mmoja ni yote mawili. Vivyo hivyo kusikilizana, kushikana mkono, na kupozana tulikokuweka katika kichwa cha makala. Kinyarwanda nacho huwaita wahudumu wa aina hii abajyanama, neno lenye inama ndani yake, yaani kikao. Mshauri kwa maana hiyo ni yule anayeingia kikaoni pamoja nawe.

Hatupendekezi kwamba wataalamu waondolewe. Hospitali ya Ndera jijini Kigali inahudumia watu ambao hakuna kikao cha majirani kinachoweza kuwatosha, na katika siku za Kwibuka wahudumu waliofunzwa huokoa maisha ya watu wanaozidiwa hadharani. Tunachosema ni kwamba istilahi hufundisha kabla ya mafunzo kuanza. Muuguzi kijana anayeambiwa kwamba kazi yake ni ushauri nasaha atajipima kwa wingi na ubora wa maneno aliyoyatoa. Akiambiwa kwamba kazi yake ni kusikiliza na kufariji, atajiuliza kwanza mgeni wake alisema nini.

Kutokana na uhakiki huu tunatoa mapendekezo matatu. Mosi, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama wachunguze upya istilahi za huduma ya nafsi, wakipima maneno kama usikilizaji, faraja na mashauriano dhidi ya "ushauri nasaha" na "unasihi". Kazi hiyo ifanywe pamoja na vyama vya wajane na manusura, kwa kuwa wao ndio watumiaji wa mlango wenye kibao. Pili, shuhuda za Rwanda zifasiriwe kwa Kiswahili, kwa kuanzia na hizi mbili, na wafasiri wasiyafiche maneno kama ikiriyo, ihahamuka na agahozo bali wayaache yaonekane kando ya ndugu zao wa Kiswahili. Tatu, mipango ya kuwasaidia wajane, wakimbizi na wahamishwa katika Jumuiya ipimwe kwa maswali matatu kwa pamoja: je, mhusika alipata wa kumsikiliza, alipata riziki na dawa, na alipata haki yake kwa mujibu wa sheria? Mpango unaojibu swali moja tu usihesabiwe kuwa umefaulu.

8. Hitimisho

Tulianza na kibao mlangoni. Tumeona kwamba Mujawayo alipoandika namna alivyopata msaada hakuandika habari ya kuambiwa. Aliandika habari ya kusikilizwa na wajane wenzake, na akakipa kitabu chake umbo la kikao hicho. Mukasonga alionyesha kwamba kikao hicho kilikuwapo zamani nyuma ya nyumba ya msonge huko Gitagata. Mwana Kupona na Shaaban Robert, wanaotajwa kila mara kama mabingwa wa nasaha, walikuwa wenyewe wafiwa waliopewa nafasi ya kusema. Matini haya manne hayakubaliani katika dini, siasa wala nafasi ya mwanamke, lakini yanakubaliana juu ya nani azungumze kwanza.

Kiswahili kimeingia Rwanda rasmi kikiwa na kamusi kubwa ya kutoa maelekezo. Wajane wa Kigali tayari wanalo neno wanalolihitaji, na mzizi wake umo katika lugha yetu. Kazi iliyobaki ni kulisikia, na kuandika upya kibao.